Kununua tiketi ya tamasha mtandaoni kwa mtu usiyemjua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila tamasha kubwa likikaribia, Dar au Nairobi, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Kuna mtu anauza tiketi kwenye kundi, nimtumie hela?" Nimefanya kazi ya kuskani tiketi getini kwa misimu kadhaa, na waliotapeliwa nimewaona uso kwa uso. Haya ndiyo maswali yanayorudi zaidi. Mengi yanahusu Tanzania na Kenya. Aliye Ulaya au Marekani asome swali la 2 kisha aruke hadi la 13.

## Mambo ya msingi

1. Inawezekana kweli kununua tiketi salama kwa mtu baki?

Inawezekana, na watu wengi hufanya hivyo bila tatizo lolote. Mtu anaumwa, mwingine anapangiwa safari ya kikazi, mwingine ameachana na mchumba aliyemkatia tiketi ya pili. Tiketi halali zinazotafuta mtu wa kuzichukua zipo kila mara.

Ila kabla hujamgeukia mtu usiyemjua, maliza kwanza milango mingine. Waandaaji mara nyingi huachia tiketi za mwisho siku mbili tatu kabla ya onyesho, wadhamini wakisharudisha mgao wao ambao haukutumika. Maonyesho mengi pia bado huuza mlangoni, kwa bei ya juu kidogo. Piga namba iliyo kwenye tangazo rasmi uulize: "Mlangoni mtauza?" Swali hilo moja limewaokolea watu wengi hela zao.

2. Nimetumiwa picha ya tiketi yenye QR. Si ndiyo tiketi yenyewe hiyo?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapopigwa. Hili likieleweka, nusu ya maswali yanayofuata hujijibu yenyewe.

Tiketi ya siku hizi ni mstari mmoja kwenye orodha iliyo katika mfumo wa waandaaji: jina la mnunuzi, namba ya oda, daraja la tiketi, na alama inayosema imetumika au haijatumika. Ule mraba wa QR kazi yake ni kuutafuta mstari huo. Getini skana inausoma mraba, mstari unapatikana, unageuka kuwa "imetumika", unaingia. Anayekuja dakika mbili baadaye na mraba uleule anapata nyekundu, hata kama yeye ndiye aliyelipa pesa nyingi zaidi.

Picha moja inaweza kutumwa kwa watu kumi. Wote kumi wana tiketi "halisi" kwa maana ya kwamba QR yake ni ya kweli, lakini nafasi ni moja, na ni ya atakayetangulia kufika. Mara nyingi anayetangulia ni tapeli mwenyewe.

Usiku mmoja alikuja getini binti na mdogo wake. Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka, mwanga kaupandisha hadi mwisho ili skana isipate shida. Nikaskani: nyekundu, "imetumika 19:47". Wakati huo ilikuwa inakaribia saa 3 usiku. Akaniambia, "Kaka, jaribu tena, labda ni kioo." Nikajaribu mara tatu. Kioo hakikuwa na kosa.

Kwa hiyo shika hili: usilipie picha, lipia uhamisho. Unacholipia ni ule mstari kwenye orodha kutoka kwenye jina la muuzaji na kuja kwenye lako, au angalau tiketi mpya kutumwa kwenye barua pepe au namba yako na mfumo wenyewe. Namna ya kufanya iko kwenye swali la 14.

3. Nitajuaje kwamba tamasha lenyewe lipo?

Kuna matangazo ya maonyesho ambayo hayajapangwa kabisa, yenye sura ya msanii mkubwa na ukumbi unaojulikana. Angalia mahali pawili: kurasa za msanii mwenyewe, na ukumbi. Msanii anayekuja kweli hulitangaza onyesho lake. Ukumbi nao una kalenda. Simu moja kwa ofisi yao itakuambia kama tarehe hiyo imeshikwa. Kama msanii yuko kimya na ukumbi haujui lolote, hakuna haja ya kuendelea na maswali mengine.

## Kumpima muuzaji

4. Akaunti ya muuzaji niikague vipi?

Usihesabu wafuasi, wafuasi hununuliwa. Tazama umri wa akaunti na historia yake. Kwenye Instagram, fungua ukurasa wake, bonyeza vidoti vitatu au jina lake, kisha sehemu ya kuhusu akaunti hiyo: utaona ilifunguliwa lini, na mara nyingi utaona pia iko nchi gani na imebadilisha jina mara ngapi. Akaunti iliyobadilisha majina mara tano, mwezi uliopita ikiuza viatu na leo ikiuza tiketi za VIP, iache.

Kisha chukua namba yake ya simu na uitafute ndani ya makundi uliyomo, na kwenye maoni chini ya matangazo ya tamasha hilo. Tapeli hana muda wa kubadilisha namba kila saa. Mara nyingi utakuta mtu ameshaandika "huyu jamaa amenipiga" juzi tu. Ukiona ameuliza mtu swali kuhusu tiketi na muuzaji akajibu "njoo inbox" bila kusema chochote hadharani, jua kuna sababu.

Kuwa na rafiki mnayefahamiana naye nyote wawili ni kinga kubwa kuliko zote hizi, mradi umpigie huyo rafiki kwa sauti. Akaunti ya rafiki nayo inaweza kuwa imedukuliwa, na hapo unayeongea naye ni mwizi aliyevaa picha ya mtu unayemwamini.

5. Niombe ushahidi gani?

Omba simu ya video, si picha. Mwambie afungue barua pepe ya tiketi mbele yako, moja kwa moja: aonyeshe mtumaji, tarehe ya kununua, jina la onyesho, daraja la tiketi, kisha ashuke taratibu hadi chini. Mraba wa QR aufunike kwa kidole. Muuzaji mkweli atafurahi kwamba humlazimishi kuuonyesha, kwa sababu naye anaogopa kuibiwa.

Mwombe pia ujumbe wa malipo wa siku aliyonunua. Kiasi na tarehe vinapaswa kufanana na bei ya tiketi wakati ule. Aliyesema alinunua tiketi za mapema lakini malipo yake ni ya jana, muulize taratibu ilikuwaje.

Anayekataa simu ya video kwa sababu "mtandao ni mbovu" ilhali anatuma sauti za dakika mbili mbili, mwache.

6. Amenitumia picha ya kitambulisho chake. Si inatosha?

Haitoshi. Picha za vitambulisho zinazunguka ovyo mitandaoni. Nyingi ni za watu waliotapeliwa kabla yako, ambao walitakiwa watume vyao "ili tuaminiane". Yule unayemwona kwenye kitambulisho huenda hajui kabisa kwamba jina lake linauza tiketi.

Kwa sababu hiyohiyo, wewe usitume cha kwako. Hakuna muuzaji wa tiketi anayehitaji namba yako ya NIDA au ya kitambulisho cha taifa. Akiomba na namba ya siri, au zile tarakimu zilizoingia kwenye simu yako "kuthibitisha", kata mawasiliano hapohapo.

7. Bei inaniambia nini?

Bei ya chini sana wiki ambayo tiketi zimekwisha ni ishara mbaya. Tiketi iliyouzwa Ksh 5,000 haiwezi kupatikana kwa Ksh 2,000 siku mbili kabla ya onyesho lililojaa, isipokuwa kwa ndugu yako. Bei ya juu sana nayo haimaanishi usalama; wapo matapeli wanaopandisha bei makusudi ili waonekane walanguzi wa kawaida. Ninayemwamini zaidi mimi ni yule anayesema, "Nataka tu hela niliyonunulia irudi."

8. Ananiharakisha, anasema kuna wengine watatu wanaitaka. Nitume nusu anishikie?

Usitume nusu. Inaitwa "advansi", na ndiyo njia rahisi ya kumpiga mtu mwangalifu, kwa sababu mtu mwangalifu hujiambia: ni kidogo tu, hata ikipotea si kitu. Tapeli hana haja ya kukupiga wewe elfu hamsini. Watu ishirini wakimpa elfu kumi kumi, amemaliza kazi.

Lakini tuwe wa haki: muuzaji mkweli naye huwa na haraka, maana tiketi hufa siku ya onyesho. Tofauti yao inaonekana unaposema, "Sawa, tufanye sasa hivi, uhamishe nikiwa kwenye simu nikulipe palepale." Mkweli hufurahi. Tapeli hupata shida mpya.

## Malipo

9. Kipi kinatangulia, hela au tiketi?

Hapa kila upande unaogopa kutangulia, na wote wana haki ya kuogopa. Njia zinazofanya kazi, kuanzia ile ninayoipenda zaidi:

Kukutana. Mchana, mahali penye watu na mtandao mzuri: mgahawa, lango la jengo lenye walinzi, kibanda cha wakala. Njoo na mwenzako. Anahamisha, unaona tiketi imeingia kwenye simu yako kwa jina lako, unatuma hela, anaona ujumbe umeingia, mnaagana. Ikiwezekana mkutane kwenye ofisi au kituo cha kuuzia tiketi cha waandaaji wenyewe, waiskani kwa kuitazama tu bila kuitumia. Vituo vingi huweza kufanya hivyo ukiomba kwa adabu.

Kama mko miji tofauti, mkae kwenye simu moja ya video mwanzo hadi mwisho, na msikate mpaka uhamisho na malipo vyote viwe vimekamilika. Kwa tiketi mbili au zaidi mnaweza kwenda moja moja: moja ihame, ilipwe, ndipo ya pili.

Kulipa kwanza ukiwa peke yako, kwa ahadi ya "nakutumia jioni", haimo kwenye orodha yangu kabisa.

10. Jina lililotokea kwenye M-Pesa si la muuzaji. Niendelee?

Simama hapo. Kabla muamala haujakamilika, mtandao hukuonyesha jina la mwenye laini. Dakika hiyo ni yako, isome. Muuzaji anajiita Neema, jina linatokea la mwanamume, na maelezo ni kwamba "hiyo ni laini ya kaka". Inawezekana kweli ni ya kaka. Mwambie basi akupe laini yake mwenyewe, au aje na huyo kaka. Mimi sijawahi kuona sababu ya muuzaji wa tiketi kushindwa kupata laini yenye jina lake.

Jina kulingana nalo halimalizi kazi. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole Tanzania na kwa vitambulisho Kenya, lakini matapeli hutumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Lipa Namba au till nayo inaonyesha jina la biashara tu, na jina la biashara mtu hujichagulia.

11. Nikigundua nimepigwa, naweza kuirudisha hela?

Wakati mwingine, ukiwahi. Kenya, ukitumia Safaricom, sambaza ujumbe mzima wa M-Pesa kwenda 456 mara moja, au anzisha urejeshaji kupitia programu ya M-Pesa. Tanzania piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, uwe na namba ya muamala mkononi. Kama hela bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea inaweza kuzuiwa wakati suala linashughulikiwa. Kama ameshaitoa kwa wakala, mtandao hauna cha kurudisha, na tapeli mzoefu huitoa ndani ya dakika chache.

Kingine: Kenya kuna Pochi la Biashara, akaunti ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo. Malipo yaliyoingia huko hayarudishwi bila muuzaji kukubali. Haina ubaya kwa mama mboga, lakini mtu baki anayesisitiza umlipe huko peke yake, jiulize kwa nini.

Urejeshaji uliwekwa kwa ajili ya aliyekosea namba. Mtandao si hakimu wa mauziano yenu. Usiutegemee kama bima.

12. Amependekeza tutumie mtu wa kati. Ni salama?

Kama mtu wa kati umemchagua wewe, na mnamfahamu nyote, ni salama sana. Kama amemleta yeye, mara nyingi ni simu ya pili ya mtu yuleyule. Hata admin wa kundi la WhatsApp, ambaye watu humwamini kwa sababu tu ya cheo, mpime kama ungempima muuzaji (swali la 4). Makundi ya "tiketi pekee" huanzishwa bure na mtu yeyote mwenye simu.

13. Niko ughaibuni. Mambo ni yaleyale?

Kanuni ni ileile, vifaa ni tofauti, na kwa kweli mna nafuu.

Tiketi nyingi za huko zinahamishwa ndani ya programu ya aliyeziuza. Ticketmaster, kwa mfano, ina tiketi ambazo msimbo wake hubadilika kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo picha ya skrini haifai kitu kabisa getini. Anayekuuzia picha ya tiketi ya namna hiyo, iwe ni onyesho la Diamond Platnumz au la mwingine yeyote, anakuuzia hewa. Mwambie aihamishe ndani ya programu.

Kwa mauzo ya mkono wa pili kuna majukwaa yanayomshikia mnunuzi dhamana: TicketSwap iliyoanzia Amsterdam, na Twickets ya Uingereza. Utalipa ada kidogo, na ni ada ya haki.

Malipo: PayPal ya bidhaa na huduma ina ulinzi wa mnunuzi; ile ya marafiki na familia haina. Muuzaji akikubembeleza utumie ya marafiki "tukwepe makato", anakuomba uvue kinga yako. Kadi ya benki hukuruhusu kupinga malipo. Zelle (ya Marekani, ya kutumiana hela benki hadi benki), na kutuma hela nyumbani kupitia kampuni za kutuma fedha, ni sawa na kutoa noti mkononi.

Mnaorudi nyumbani Desemba na kutaka tiketi za Nairobi au Zanzibar mapema, msimtumie hela mtu wa mtandaoni "akawakatie". Kama mfumo wa waandaaji unakubali kadi, lipa mwenyewe. Kama haukubali, mtume ndugu.

## Uhamisho wa tiketi

14. Uhamisho unafanyikaje hasa?

Inategemea mfumo uliouza tiketi. Baadhi wana kitufe cha kuhamisha: muuzaji anaandika barua pepe au namba yako, tiketi yake inafutwa, na wewe unatumiwa mpya yenye QR tofauti. Hiyo QR tofauti ndiyo ya kutafuta. Kama uliyopokea ni ileile aliyonayo yeye, hakijahama kitu.

Mingine haina kitufe, ila huduma kwa wateja hubadilisha jina wakiandikiwa na mnunuzi wa kwanza kutoka kwenye barua pepe aliyonunulia. Muuzaji aandike akikuweka wewe kwenye nakala, nawe usubiri jibu kutoka kwao. Jibu hilo likitoka kwenye anwani ya bure ya Gmail yenye jina la kampuni, si la kampuni. Linganisha na anwani iliyo kwenye tovuti yao.

Kumpa mtu nenosiri la akaunti ili "uingie mwenyewe" si uhamisho. Atalibadilisha.

15. Na kama mfumo hauruhusu kuhamisha kabisa?

Basi inabaki njia moja tu iliyo salama: kuingia pamoja. Mnakutana nje ya geti, yeye anaonyesha tiketi, inaskaniwa, kijani, unapita, na hela inatumwa palepale mbele ya wote. Kwa aliyenunua tiketi nne na mwenzake mmoja kakosa kuja, hii ni kawaida kabisa na haina usumbufu. Muuzaji asiyekwenda kwenye onyesho anaweza kumtuma mtu wake.

Kama hilo haliwezekani, iache. Najua inauma.

16. Tiketi za karatasi na vibangili vya mkononi je?

Karatasi yenye QR ni sawa na picha tu: inachapishwa mara nyingi. Mwenye karatasi ya kwanza hana haki kuliko mwenye ya pili.

Kibangili kinachofungwa mkononi kishike na ukivute kidogo mahali pa kufungia. Kilichowahi kufungwa kikafunguliwa kina mkunjo au mkwaruzo pale kwenye kishikizo, na walinzi wanaujua. Kibangili kilicholegea kiasi cha kupita kwenye ngumi nacho hukataliwa. Usikinunue kutoka kwenye mkono wa mtu anayetoka.

17. Daraja la tiketi linaweza kunizuia ingawa tiketi ni halali?

Ndiyo, na wengi hawalifikirii. Kwenye Sauti za Busara, Zanzibar, mwenyeji na mgeni hawalipi bei moja. Ukiwa mgeni ukanunua ya mwenyeji, uwe tayari kuulizwa kitambulisho. Tiketi za wanafunzi ni vivyo hivyo. Za mwaliko, zinazotolewa na wadhamini, mara nyingi zimeandikwa haziuzwi, na waandaaji wanaweza kuzifuta wakiona zinanadiwa mtandaoni.

Meza ni habari nyingine. Mtu anauza "nafasi mbili kwenye meza ya watu kumi", lakini orodha iko na aliyelipia meza. Ongea na huyo mwenye meza, kwa sauti, akuambie jina lako limeingia.

## Ukiwa wewe ndiye muuzaji

18. Nauza tiketi yangu. Nijilinde vipi?

Usiiweke tiketi yako mtandaoni ikiwa na QR inayoonekana. Watu hufurahia, wanapiga picha, wanaweka kwenye stori, na kabla ya siku kufika mtu ameshaikata ile picha. Namba ya oda ifunike pia.

Hofu yako ya pili ni ujumbe bandia. Mnunuzi anakuonyesha kwenye simu yake kwamba ametuma, au inakuingilia meseji inayofanana na ya M-Pesa lakini imetoka kwenye namba ya kawaida. Usisome meseji, soma salio. Fungua menyu, angalia hela ipo, ndipo uhamishe. Watu wengine hulipa kweli kisha wakaanzisha urejeshaji dakika tano baadaye wakidai walikosea namba. Ukipigiwa na mtandao, eleza kwamba ni malipo ya bidhaa. Mazungumzo yenu ya WhatsApp uyatunze mpaka onyesho lipite.

Na ukishauza, futa picha ulizobaki nazo.

## Mambo yanapoharibika

19. Tamasha limefutwa au kuahirishwa baada ya mimi kununua. Hela inarudi kwa nani?

Kwa kawaida hurudi alikotoka, yaani kwa mnunuzi wa kwanza, kwenye laini au kadi aliyolipia. Hata tiketi iliyohamishwa inaweza kurudishiwa yule wa kwanza. Kwa hiyo mkubaliane mapema kwa maandishi, hata sentensi moja: "Likifutwa, ukirudishiwa utanitumia." Haina nguvu kubwa, lakini ina nguvu kuliko kumbukumbu. Tarehe ikisogezwa tu, tiketi yako kwa kawaida hubaki halali. Usikubali kuirudisha kwa muuzaji "akubadilishie".

20. Nimetapeliwa. Niripoti wapi, na kuna maana?

Anza na mtandao wa simu (swali la 11). Tanzania, namba ya tapeli itume pia kwenda 15040, ambayo ni ya kuripoti utapeli wa simu. Kenya, Safaricom hupokea taarifa za utapeli kwa meseji kwenda 333.

Halafu nenda polisi. Tanzania utapewa RB, Kenya namba ya OB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Beba nakala zilizochapishwa: mazungumzo, ujumbe wa muamala, ukurasa wa muuzaji. Usimblokie kabla hujazipata, na usimtukane, maana atafuta kila kitu. Kosa lenyewe ni kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, na nchi zote mbili zina sheria za makosa ya mtandao: Tanzania ya mwaka 2015, Kenya ya 2018.

Kama unamjua muuzaji kwa jina na mahali anapoishi, Kenya ina mahakama ya madai madogo, ya kesi zisizozidi shilingi milioni 1, na huhitaji wakili. Kwa tiketi moja huenda ukaona ni usumbufu. Kwa meza nzima, si usumbufu.

Maana ipo. Laini moja hutapeli watu wengi, na malalamiko matano juu ya namba moja huonekana tofauti na lako peke yake. Watu huona aibu kuripoti, wanadhani wataonekana wajinga. Nimewaona mawakili na walimu wakigeuzwa getini. Hakuna ujinga hapo, kuna mtu amewaibia.

21. Niko getini sasa hivi, skana imekataa. Nifanye nini?

Kaa pembeni, usiondoke, na usigombane na anayeskani. Yeye hana uwezo wa kubadilisha alichosoma. Omba kumwona msimamizi wa tiketi. Mwulize mambo mawili: tiketi hii haipo kabisa kwenye mfumo, au imeshatumika? Kama haipo, huenda ni ya siku nyingine au ya geti jingine. Nimeshuhudia watu wakilia kwa tiketi ya Jumamosi siku ya Ijumaa. Kama imetumika, mwombe akuandikie namba ya oda na saa iliyoskaniwa. Msimamizi anaweza kuona nani alinunua mwanzo, ingawa si lazima akuambie wewe. Polisi wakimwuliza atawaambia.

Mpigie muuzaji ukiwa hapohapo, spika ikiwa wazi, msimamizi akisikia. Wapo waliouza kwa makosa, wakaituma kwa watu wawili bila kujua, na hao hupokea simu.

Muuzaji wa yule binti wa swali la 2 hakupokea. Msimamizi wetu alimwandikia namba ya oda na "19:47" kwenye kipande cha karatasi, binti akakikunja na kukiweka nyuma ya kava la simu yake, asubuhi akaenda nacho kituo cha polisi.